Nimelipia Kulala Chini

Hivi watu wa siku hizi tumelogwa na nani? Zamani mtu akipata vijisenti anaikimbia shida. Sasa akipata vijisenti anaiulizia shida iliko, anaikatia tiketi, anaifuata, anapiga nayo picha na kuiweka status. Mimi nina kitanda cha mninga, futi sita kwa sita, nilichokilipa kidogo kidogo mpaka fundi mwenyewe akachoka kunidai. Kina godoro, kina neti, kiko Mabatini, hapa Mwanza, kwenye chumba na sebule ninachopanga. Juzi nikakiacha kitanda hicho kimelala peke yake, nikaenda kutoa hela nikalale chini.

Chanzo ni shemeji. Mdogo wake Mama Kulwa, anakaa Sinza, Dar es Salaam, na amekuja likizo na simu kubwa na muda mwingi. Siku ya pili tu baada ya kufika akaniwekea simu mbele ya ugali. "Shem, ona wenzetu." Nikaona. Wazungu wamepiga mahema kwenye kisiwa kirefu cha mchanga pwani ya Marekani, kinaitwa Assateague, bahari huku, hori la maji kule, na katikati farasi wa porini wanatembea kati ya mahema wanaiba mikate. Watu wanaibiwa na farasi huku wanacheka! Mimi dukani kwangu, nauza vipuri vya pikipiki, kijana akichomoa plagi moja sicheki wiki nzima.

Mama Kulwa akaangalia ile video mpaka mwisho, akashusha pumzi, akasema, "Baba Kulwa, na sisi tutoke." Mwanamke akisema "tutoke" ujue mjadala umeshafungwa, kilichobaki ni bajeti.

Nikajitetea. Nikasema kama ni kisiwa, Saanane si hiyo hapo inaonekana ukiwa mjini? Hifadhi ya taifa kabisa tangu 2013, ndogo kuliko zote nchini, yaani saizi ya miguu yangu. Unapanda boti pale Capri Point, dakika chache umefika, unaona swala na pimbi, unapanda jiwe, unapiga picha, jioni unarudi kula kwako. Shemeji akasema kwenda na kurudi si kambi, kambi ni kulala. Yeye akataka kisiwa cha Rubondo, akaanza kunihubiria habari za sokwe waliotolewa kwenye bustani za wanyama za Ulaya wakaachiwa huko miaka ya 1960. Nikapiga hesabu ya nauli na malazi ya familia nzima. Nikamwambia, shem, hata hao sokwe hawakujilipia.

Tukakubaliana kisiwa kimoja kidogo cha karibu, ambacho jina nalihifadhi kwa kuwa mwenye kambi ni mteja wangu wa cheni na sproketi.

Sasa sikilizeni jinsi mtu wa Dar anavyochagua tarehe. Akatafuta siku ambayo hakuna mwezi, eti tuone nyota vizuri. Nikamwambia, shem, huku ziwani giza si la kuangalia nyota, giza ni siku za kazi. Mtoto yeyote aliyekulia Kirumba anajua hilo. Dagaa wanavuliwa kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa inashindwa kuwavuta, wavuvi wanabaki nchi kavu wanashona nyavu na kudaiwa. Mwezi ukizama, ziwa zima linahamia kazini. Akanijibu, "Vizuri, tutaona utamaduni."

Tukavuka. Mizigo yetu ungedhani tunahamia Ukerewe moja kwa moja. Hema, magodoro ya sponji, jiko la mkaa, sato wawili wakubwa, trei la mayai, na Kulwa na Doto ndani ya majaketi okozi yaliyowafika magotini. Katikati ya safari shemeji akamuuliza nahodha kwa sauti ya mjuzi, "Mzee, maji ya huku yanakupwa saa ngapi?" Nahodha akamwangalia. Akaangalia ziwa. Akamwangalia tena. "Hapa hayakupwi, kijana. Ukiyaona, ndiyo hayo hayo mpaka kesho."

Kufika tu, shemeji akachota maji kwa kiganja akalamba. "Hayana chumvi!" akapiga kelele, kana kwamba ametapeliwa. Mlinzi wa kambi, mzee mmoja wa Kikerewe mwenye koti zito na ndala, akamjibu bila kugeuka, "Chumvi mlitakiwa mje nayo."

Hapo ndipo Mama Kulwa alipoacha kufungua mabegi. Akafungua moja tena. Akaniangalia mimi. Jamani, chumvi hatukuibeba. Na mzee chumvi yake ilikuwa imeisha, alikuwa anatusubiri sisi.

Tuje kwenye hema. Mfuko wake umeandikwa ni la watu wanne. Hao watu wanne sijui walipimiwa nchi gani, ila Wasukuma hatukushirikishwa. Na vile vigingi vyake ni vyembamba kuliko sindano ya kushonea magunia. Mwanza ni mji wa mawe, na visiwa vyake ni mawe yaliyoingia majini. Ukigonga kigingi kwenye jiwe kinajikunja kinakurudia. Ukikihamishia mchangani kinaingia vizuri, kinakaa kwa adabu, ukivuta kamba kinatoka kukusalimia. Shemeji akawa anasoma maelekezo kwenye simu, mtandao unakuja unaondoka, kila ukiondoka na yeye anasimama na fito mkononi anasubiri.

Mzee akatuonea huruma. Akaleta salfeti tupu, akatuambia tujaze mchanga, tufunge kamba ya hema katikati ya kila salfeti, tuchimbe shimo, tulifukie lote, halafu tukanyage. Ukivuta unavuta mzigo uliozikwa, si kipande cha chuma. Kitu cha maana kuliko vyote nilivyojifunza kwenye safari ile, na hakikuwa kwenye video. Akaongeza, "Na mlango msiuelekeze ziwani. Mchana upepo unatoka majini. Usiku unageuka, unatoka nchi kavu. Lakini mvua ikija alfajiri, hiyo haina adabu ya mchana wala ya usiku." Shemeji akasema mlango lazima uangalie ziwa kwa ajili ya picha. Mzee akaenda zake.

Watoto nao wakataka kuoga. Mama yao akawazuia wasiende upande wa matete penye maji yaliyotulia, maana huko ndiko wanakokaa konokono wa kichocho. Shemeji, ambaye miguu yake ilikuwa huko huko tangu saa nane, akauliza konokono gani. Alipoelezwa, sijawahi kuona mtu anatoka majini kwa heshima na haraka kwa wakati mmoja.

Jioni ikafika. Nikasema sawa, hapa ndipo raha inapoanza. Sato yuko kwenye makaa, mafuta yanadondoka yanalia, jua linazama, Mama Kulwa ametulia, hata mimi nikaanza kulegea. Halafu Doto akasema, "Baba, ziwa linaungua."

Kweli, mbali majini kulikuwa na nguzo ya moshi imesimama. Ikainama. Ikaanza kuja.

Ambao hamjawahi kukaa ziwani niwaambie. Ule si moshi. Ni vile vidudu vidogo vinavyokulia chini majini, vikikomaa vinapanda juu kwa mamilioni siku moja, tena hasa hasa kwenye hizo siku za mwezi mchanga alizochagua shemeji kwa ajili ya nyota. Haviumi. Hilo ndilo linaloudhi, huna hata sababu ya kuvichukia kisheria. Vinataka taa tu. Na shemeji alikuwa ametoka Kariakoo na taa ya kambi ambayo ingeweza kuchezesha mechi ya usiku pale CCM Kirumba. Alikuwa ameining'iniza juu ya chakula.

Nikasema zima. Akasema tutakulaje gizani? Kufungua mdomo kusema hivyo, akawa ameshaanza kula. Vikaingia kwenye chai, vikaingia masikioni, vikajaza shingo ya shati. Sato aliyekuwa wa dhahabu akawa wa kijivu. Tukazima taa, tukakaa gizani tunapapasa sahani, samaki hana chumvi, hakuna anayesema neno. Kisha nikasikia sauti ya Mama Kulwa, taratibu, "Angalau sasa ana ladha."

Nyota? Labda zilikuwepo. Sisi tulichokiona ni taa za wavuvi wa dagaa, zimepangana kwenye upeo wote mpaka unadhani kuna mji mwingine huko katikati ambao haulipi kodi. Na ule mji una kelele. Injini zinapita, watu wanaitana, mtumbwi mmoja una redio na mwenye redio ana wimbo mmoja. Sauti juu ya maji inasafiri bila nauli. Wanaume wale wapo kazini usiku kucha, wanalipwa ili wasilale. Mimi pale nimelipa, na silali. Mnaona nani ana akili?

Kabla ya kuingia hemani mzee alikuwa ametupa onyo la mwisho. Viboko hutoka usiku kula majani. Mkisikia kitu kinatafuna, msitoke kukichungulia, na kamwe msisimame kati yake na maji. Akatutakia usiku mwema. Choo, ndugu zangu, kipo upande wa pili wa hayo majani.

Nikalala. Mgongoni nina jiwe, ubavuni nina goti la Kulwa, usoni nina kitambaa cha hema kinachodondosha pumzi zetu wenyewe. Shemeji alidhani Mwanza ni joto la Dar, kumbe ziwa hili liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, usiku baridi inapanda. Kavaa singlendi. Ikabidi kanga moja ya dada yake tuigawane wanaume wawili wazima, na hili likitoka hapa nitalikana.

Usiku wa manane chai ikanidai. Nikainuka taratibu nifungue zipu. Nikasikia. Kruu. Kruu. Kruu. Kitu kinatafuna. Tena karibu kabisa, pua na mdomo. Nikarudi chini polepole. Jasho jembamba. Nikamuomba Mungu kwa majina yote ninayoyajua. Kinatafuna, kinanyamaza, kinatafuna tena. Nikabana miguu. Nikafikiria watoto, nikafikiria duka, nikafikiria wanaonidai watakavyohuzunika. Nimekaa hivyo muda ambao mwanaume hapaswi kukaa, mpaka nikasikia kile kiboko kinakohoa na kusema, "Shem, uko macho? Biskuti zipo, unataka?"

Alfajiri mvua ikaja. Ile ile aliyoisema mzee. Haikuanza na manyunyu, ilianza katikati. Upepo ukaingia kwa mlango wetu wa picha, hema likavimba, kamba zikakakamaa. Na niseme ukweli, yale masalfeti ya mzee yalishika. Hayakusogea hata inchi. Nanga zilibaki, hema ndilo lililoondoka. Lilipasuka kwenye mishono, kitambaa cha juu kikapaa kuelekea majini, na kwa nilivyoona mwelekeo wake sasa hivi kiko Uganda. Tukakimbilia banda la mzee, tukakaa na dagaa wake waliokuwa wamefunikwa turubai, wao wakavu, sisi tumelowa.

Mvua ilipokatika nikatoka nikusanye vyombo. Shemeji akapiga kelele nyuma yangu, "Kenge!" Nikageuka na hasira zangu zote za usiku, nikakunja ngumi, nikamwambia kenge baba yako. Mama Kulwa akaguna, maana baba wa shemeji ni baba yake pia. Kumbe kenge mwenyewe yupo, mrefu, mweusi wa madoa ya njano, kichwa kimezama kwenye trei la mayai. Anatoa ulimi, anauonja upepo, anachukua yai, ananyanyua kichwa, linapita. Hana papara. Tulisimama wote tunamwangalia anavyokula kifungua kinywa chetu, akamaliza la mwisho, akatugeuzia mkia, akaingia majini. Wamarekani wana farasi. Sisi tumepewa huyo.

Wakati tunasubiri boti shemeji akanipiga picha. Sikumwona. Nimekaa juu ya jiwe, nimejifunga kanga, mkononi nina sufuria tupu, nyuma yangu hema lililochanika na watoto wamejikunyata. Akairusha kwenye grupu la ukoo na maneno "Maisha ndiyo haya."

Hatujafika nusu ya njia, simu ikalia, nimetumiwa hela. Sijakaa sawa ikaita. Mama yangu, kutoka Magu.

"Mwanangu, mwenye nyumba amewatoa lini?"

"Mayu, hajatutoa. Tulikwenda kutembea."

"Na watoto? Mpaka ufukweni? Kwa nini hukusema? Nimemuuza yule mbuzi wa baka, hela nimetuma, nenda kampigie magoti mwenye nyumba awarudishe."

"Mayu, pale kambini tumelipia."

Akanyamaza kidogo.

"Mmelipa?"

"Ndiyo."

"Si mngelipa tu ile ya Mabatini!"

Akakata. Mama Kulwa akaniangalia, akasema hela ya mama nimrudishie leo leo. Nikasema ndiyo, lazima, mbuzi wa watu. Shemeji alikuwa amechungulia ile meseji begani kwangu. Akapiga hesabu kwa vidole, akanisogelea sikioni. "Shem, hii si inafika nauli ya Rubondo?"