Nyumba Hii Hakitupwi Kitu

Jamani nani kaiona suruali yangu ya kaki? Ina alama ya pasi ya mkaa karibu na mfuko wa kulia, niliiunguza mwenyewe siku ya msiba wa jirani. Ni wiki sasa siioni na nyumba yenyewe ndo hii ya vyumba vitatu hapa Ujiji, sio kwamba nakaa ikulu. Nimeangalia kabatini, nimeangalia kwenye kamba, nimeinama chini ya kitanda nikakuta maboksi ya sabuni. Nikimuuliza Mama Zawadi ananijibu "ipi?" wakati anajua fika ninazo mbili tu.

Ngoja niwasimulie toka mwanzo msije mkaniona namsema mke bure. Mwaka 2019, tarehe moja mwezi wa sita, si mnakumbuka mifuko ya plastiki ilivyopigwa marufuku, ukikutwa nao faini elfu thelathini, mi kesho yake nimetoka soko la Mwanga nimebeba nyanya kwenye kofia. Nikalalamika weee. Mwenzangu hakulalamika, alikwenda kwa mafundi cherehani akaomba vile vipande vya vitenge vinavyobaki chini ya mashine, akashona mifuko, akauza. Nikasema safi mke wangu, hela ya mboga hiyo. Kumbe nakaribisha ngamia hemani. Ilianza mifuko, zikaja pochi, zikaja sabuni za mise, sahivi mi ndo naishi humu kwa hisani ya mzigo.

Mise, watu wa Kigoma mnaijua, ile kokwa ya ndani ya chikichi. Nje ya tunda unapata mawese ya kupikia, ukipasua kokwa unapata mise, na mafuta yake ndo yanatengeneza sabuni. Sasa siku moja shetani akanituma niwe mume wa kisasa, nikamwambia mama pumzika, leo nachanganya mimi. Nikachukua sufuria letu kubwa la aluminiamu, nikatia maji, nikamwagia kostiki soda. Ndugu zangu, sufuria lilianza kuunguruma na moto hakuna! Povu linapanda jeusi, moshi unakaba koo, mi mbio uani na mwiko mkononi. Kumbe kostiki inakula aluminiamu. Lilipotulia lina vitundu unaweza kuchujia tui. Na mnajua chombo chake kinatakiwa kiwe kipi? Ndoo ya plastiki! Mwanamke ambaye hataki kuona hata mrija wa juisi ndani kwake ana ndoo mbili za plastiki, anazifuta kwa upole kuliko anavyonipa mimi pole, na nikicheka ananiambia "Baba Zawadi, ndoo hii mwaka wa sita haijatupwa, viatu vyako vina umri gani?" Sufuria nalo halikutupwa. Lina mchicha, na vile vitundu anasema ndo vizuri, maji hayatuami.

Halafu sabuni ikishakatwa haiuzwi siku hiyo, inakaa wiki nne au zaidi ikauke ikomae. Inakaa wapi? Kwenye kochi. Mimi nakaa kwenye ndoo.

Ukithubutu kusema hiki kimechakaa tukitupe, unapewa historia ya Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika. Anasimama katikati ya sebule: Wajerumani walivyoona wanazidiwa 1916 wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, wakiwa wamezipaka mashine girisi, Waingereza wakaja kuiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini na jina jipya. "Meli imekaa chini ya maji miaka minane ikapiga kazi tena miaka na miaka, wewe unataka kutupa shati kwa sababu ya kola?" Sasa hapo unajibu nini. Mi nikinyamaza yeye anachukua mkasi.

Haya, juzi Jumamosi Zawadi katimiza miaka saba. Na wiki hiyohiyo imeingia oda ya pochi mia moja na hamsini za wageni wa harusi huko Dar, zinatakiwa zipande basi Jumatatu alfajiri. Mtu mwenye akili angesema bethdei tununue keki tuimbe tulale. Mama Zawadi akasema sherehe iko palepale na itakuwa ya kutunza mazingira, hakuna maputo, hakuna sahani za kutupa, hakuna chupa za maji. Nikamuuliza puto limemkosea nini mtu. Akasema likipasuka upepo unalipeleka ziwani. Nikasema ziwa lenyewe Tanganyika, kina chake kinafika mita 1,470 na ushee, si kuna nafasi ya kutosha? Usiku ule nililala sebuleni na sabuni.

Badala ya maputo vikatundikwa vibendera vya vitenge kutoka kwenye mwembe mpaka kwenye paa, kwa kweli vilipendeza. Ila kila mtoto akivuta kimoja mama mtu anaruka, "acha hicho mwanangu, hicho ni pochi!" Ndo nikaelewa, ile ilikuwa oda, imetundikwa tu ipigwe upepo, jioni inarudi mashineni. Zawadi ya mtoto nayo ikafungwa kwenye kanga, akaifungua, akashukuru, kanga ikakunjwa ikarudi kabatini, sijui itaenda kufunga zawadi ya nani.

Chakula wali na migebuka ya mawese, sahani majani ya mgomba. Nilitumwa kuyakata toka saa kumi na mbili asubuhi, nikayaosha moja moja, nikayapanga juu ya mkeka, arobaini kasoro mbili, mazuri kabisa. Mama yangu akafika, akatazama, akaniita pembeni. "Mwanangu, sisi tulikula kwenye majani tukaitwa maskini. Nyinyi mnakula kwenye majani mnapiga picha?" Mi nikamwambia mama kaa kwenye ndoo upumzike.

Tukainamisha vichwa kwa dua. Shemeji yangu ndo alipewa kuomba, na yule akishika dua anaanza na marehemu wa pande zote mbili. Mi nasikia nyuma yangu kaa, kaa, kaa, nikadhani watoto wanatafuna karanga. Dua imeisha, aamin, nageuka, mbuzi wa jirani watatu wamesimama kwenye mkeka na sahani hakuna. Wamekula sahani zote! Yule beberu alikuwa anamalizia ya mgeni rasmi huku ananitazama usoni kama anasubiri wali.

Watoto wanalia njaa, shemeji anasema turudie dua. Nikazunguka nyumba tano kuazima sahani, za bati, za udongo, za maua, kila jirani ananiambia ya kwangu ina alama ya rangi nyuma usiichanganye. Chakula kikaliwa. Na sahani thelathini na nane za mawese nani aliziosha? Mwenye oda ana oda, bibi ana miguu, shemeji kachoka kuomba. Mawese yanavyoganda kwenye sahani ya bati mnayajua. Nimemaliza saa tatu usiku kwa tochi ya simu, na nimetumia vipande viwili vya sabuni ya mise, inatoa mafuta kweli sikatai, narudi ndani nakuta daftari la mauzo liko wazi: "Baba Zawadi, sabuni 2, deni."

Jumatatu mzigo ukapanda basi. Pochi zilitimia zote mia na hamsini, na mfuko mmoja mkubwa ulioshonwa kwa haraka kama sampuli akawa ameuuza hapahapa Jumapili jioni. Mi sikuuliza.

Sasa jana nimepakia dada mmoja Kibirizi anapeleka dagaa Mwanga. Namtupia jicho kwenye kioo cha bajaji, mapajani kapakata mfuko. Kaki. Kitenge pembeni, mkanda wa kubebea umetoka kwenye pindo la mguu. Na mbele kuna kimfuko, na kando ya kimfuko alama ya pasi, pembe tatu kabisa. Nikaegesha pembeni ya barabara.

"Dada samahani. Huo mfuko umenunua bei gani?"

"Elfu nane. Mzuri eeh? Wa mama mmoja wa Ujiji."

"Mzuri. Hebu nakuomba tia mkono kwenye hicho kimfuko cha mbele, mpaka chini kabisa."

Akatia. Akatoa noti ya elfu tano imekunjwa mara nne, hela yangu ya mafuta ya wiki ile. Akaitazama, akanitazama, akairudisha taratibu.

"Kaka," akasema, "mi nimenunua na vilivyomo. Washa tuondoke, dagaa wanapata jua."