Keki ya kumtupa bosi dirishani

Hii ni ya mwaka juzi ila nikiikumbuka jasho bado linanitoka. Bosi wetu anastaafu, kamati ya sherehe ikanipa mimi keki, eti ndo najua ung'eng'e. Kujua kwenyewe ni kusoma magazeti ya Waingereza kwenye simu, na humo kila mkubwa wa chama aking'olewa kwenye kiti utakuta wameandika defenestrate, basi me nikajiaminisha hiyo ndo "kustaafisha" ya wasomi. Nikamwambia dada wa keki aandike HAPPY DEFENESTRATION MZEE, akagoma, neno moja herufi 14 litakaa wapi, nikamwongezea elfu kumi likakaa.

Siku ya siku tupo ghorofa ya nne, joto la Dar unalijua, madirisha yote wazi na mzee kalipa mgongo moja. Keki ikafunuliwa. Mzee akavaa miwani, akasoma, akageuka taratibuuu akachungulia nje, akachungulia chini, akasogeza kiti mbele.

"Mwanangu, nimekukosea nini?"

Kumbe zamani alifundisha historia! Akaomba maiki, badala ya hotuba tukala kipindi. Fenestra ni dirisha kwa Kilatini, kwahiyo hapo nimeandika heri ya kutupwa dirishani, na neno lenyewe limevuma sababu ya Prague, mwaka 1618, Waprotestanti wenye hasira waliwabeba wakuu wawili wa mfalme wakawarusha nje ya dirisha la kasri, halafu karani wao Fabricius, maskini ya Mungu kazi yake kuandika tu, nae akaunganishwa humo humo, mita kama 20 mpaka chini. Na hawakufa! Wakatoliki wakasema Bikira Maria kawadaka, Waprotestanti wakasema wapi, wameangukia lundo la mavi. Vita iliyofuata ikapigwa miaka 30, ila yule karani baadae akapewa ukabaila na jina juu, von Hohenfall, yaani wa Anguko la Juu.

Hapo ukumbi hoi, watu wanalia, me natafuta meza ya kuingia chini yake.

Jina likamganda, Mzee Hohenfall. Siku hizi anafuga ng'ombe kwao Njombe. Juzi nikamtumia shikamoo, akajibu kwa picha, kasimama na gambuti juu ya lundo la samadi: "Marahaba, nimetua salama."