Bibi Titi alikuwa mke wa nani?

Juzi jioni binti wa dada yangu, yuko darasa la tano, alinijia na daftari lake la historia. "Mama mdogo, Bibi Titi alikuwa mke wa nani?" Nikamuuliza yeye anadhani nani. Akasema labda wa Nyerere, kwa sababu mwalimu aliwataja pamoja. Koo lilinikaba. Mtoto huyu kila asubuhi anapita Barabara ya Bibi Titi Mohamed akienda shule.

Simlaumu. Tumempa jina la barabara, hatujampa habari za mtu.

TANU, chama kilichopigania Uhuru wa Tanganyika, ilipozaliwa Julai 1954, watumishi wa serikali walikuwa wamekwisha kukatazwa kujiunga na vyama vya siasa. Msomi mwenye mshahara wa Mwingereza alikuwa na cha kupoteza. Mama wa Kariakoo anayekaanga maandazi barazani hakuwa na barua ya ajira ambayo mkoloni angeweza kuichana. Lakini nani angemtoa mama yule nyumbani, ajifunge buibui, asimame Mnazi Mmoja kati ya wanaume kusikiliza siasa? Bibi Titi alimtoa. Mwaka 1955 alikuwa na miaka 29, elimu yake darasa la nne, na mjini alijulikana kwa sauti: alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba.

Hapo ndipo ninapotaka watoto wetu wafundishwe taratibu, kwa sababu pana akili kubwa. Bibi Titi aliwaita viongozi wa vikundi vya ngoma. Vikundi vile vilikuwa na wakubwa wao, michango yao, sare zao, na wivu wao wa kutoshindwa na wenzao. Ukimpata kiongozi umepata wanachama wake wote, na wale wa ngoma ya pili hawatakubali kubaki nyuma. Ndani ya miezi mitatu hivi wanawake 5,000 walikuwa na kadi za TANU. Elfu tano, katika mji ambao wanaume wengi walikuwa bado wanaulizana kama ni salama! Kisha akapanda gari pamoja na Nyerere wakazunguka nchi, na yeye akisimama kuhutubia, watu walisikia Kiswahili chao wenyewe, cha mtu aliyekulia uswahilini.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mmoja wa waliochukua kadi. Aliihifadhi chini ya kasha, imekunjwa ndani ya leso. Alikuwa akisimulia mikutano ile kwa sauti ya juu na mikono hewani. Akifika kwenye jina la Titi, sauti inashuka. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa sababu.

Mwaka 1965 Bibi Titi alishindwa ubunge Rufiji. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha na miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Yeye alikuwa nazo, na alipinga. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba Azimio lilikuwa na nia njema na kwamba viongozi wenye tamaa walihitaji kufungwa breki. Lakini mwanamke wa pwani anajua maana ya vyumba vya kupangisha. Hana pensheni. Akiachwa, akizeeka, kodi ya chumba ndiyo inayomlisha. Kumwambia achague kati ya hiyo na cheo ni kumuuliza swali ambalo mwanamume mwenye mshahara hakuwahi kuulizwa kwa uzito uleule.

Oktoba 1969 akakamatwa pamoja na Michael Kamaliza, aliyekuwa waziri wa kazi, na wengine, kwa mashtaka ya uhaini. Kesi ilichukua siku 127. Akahukumiwa kifungo cha maisha. Sikuwepo mahakamani, na siandiki haya kuwahukumu majaji. Mwaka 1972 Nyerere alimtoa, na hilo nalo lazima lisemwe. Lakini ndoa yake ilikwisha vunjika kesi ikiendelea, na marafiki wa siasa wakawa hawamjui. Gazeti la chama lilikuja kumwita shujaa wa Uhuru mwaka 1991, nchi ilipotimiza miaka 30. Akafariki Novemba 2000, Johannesburg.

Nampenda Mwalimu. Nililia alipokufa, na nikimsikia redioni hadi leo ninasimamisha kazi. Ndiyo maana naudhika tunapomsimulia kama mtu aliyeing'oa bendera ya mkoloni peke yake, na aliyekuwa upande wake jukwaani tunamkata kwenye simulizi ili tusilazimike kueleza ya 1969. Watoto wanaweza kubeba habari ngumu. Wanachoshindwa kubeba ni ukimya, wanaujaza wenyewe, na mmoja ameujaza kwa ndoa isiyokuwepo.

Nilimsimulia binti yangu yote, mpaka chakula kikapoa. Kwenye daftari mwalimu alikuwa ameacha mstari mmoja wa jibu. Tukachana karatasi katikati ya daftari lingine, akaandika pande zote mbili, tukaibana kwa pini.