Mtungi wa gesi upimwe nikiona

Gesi iliniisha Jumatano jioni wali ukiwa nusu kuiva. Siku ya kumi na tisa. Kwangu tuko watatu, maharagwe na githeri huwa nachemshia makaa, na mtungi wa kilo 6 hunifikisha mwezi bila shida. Mtungi uliotangulia pia haukufika wiki tatu, nikadhani ni watoto wanawasha meko ovyo na nikawagombeza bure, jambo ambalo bado linaniuma.

Nikarudi kwa yule yule muuzaji, nikabadilishiwa mtungi, nikalipa 1,300. Lakini badala ya kwenda nyumbani nikamwambia kijana wa boda anipitishe kwa mama anayeuza waru kwa jumla hapa Free Area, Nakuru, kwa sababu yeye ana mizani ya dijitali. Tukaupandisha. Kilo 11.9. Sasa kwa shingo ya mtungi kumegongwa uzito wa chuma kitupu, huu wangu ni 7.4, ukiongeza 6 za gesi inafaa iwe 13.4. Mama akapima tena, ikakataa kubadilika. Kilo moja na nusu haiko, robo nzima ya gesi niliyolipia, yaani shilingi 325, na hiyo kwa nyumba yangu ni karibu pakiti mbili za unga. Na sili ilikuwa juu, sikuwa nimeigusa.

Nikarudisha. Muuzaji akaniambia, "Mama, gesi hutoka hivyo kwa kampuni, mimi nauza tu." Nikamuuliza mizani yake iko wapi. Akasema iliharibika.

Jirani yangu aliposikia hiyo story akaniambia ndiyo maana yeye hajabadilisha mtungi tena, kuna mtu mtaani anamjazia wake akiona, bei nafuu, na mtungi wake anaujua. Nitamkubalia kitu kimoja: alinunua mtungi mpya kabisa kwa pesa za chama, siku ya kwanza kuubadilisha akapewa mwingine umeliwa na kutu mpaka chini. Hiyo inauma, sina jibu lake. Lakini dada yangu, huyo mtu anajaza vipi? Anapindua mtungi mkubwa wa kilo 50 juu chini, anaunganisha paipu, gesi inateremka kwa mtungi wako mpaka yeye aseme imetosha. Gesi ndani ya mtungi ni maji maji, ikipata joto inatanuka, na ndio maana mtungi hauwezi kujazwa pomoni, kuna nafasi inaachwa makusudi. Nani anaacha hiyo nafasi kwa kibanda cha mabati saa nane mchana? Ikivuja nayo haipandi juu ipotee, ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini mpaka ipate jiko la mtu. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 kule Nairobi, Embakasi, mtaa wa Mradi, watu walikuwa kwa nyumba zao tu, mahali pa kujazia gesi pasipo na kibali pakalipuka. Watu walikufa, mamia wakaumia. Sitaki hiyo Nakuru.

Kwa hivyo mimi niko upande wa kubadilisha. Nakumbuka kabla ya 2009 mtungi ulikuwa unafungwa kwa kampuni moja, ukihama mtaa unatafuta duka lao kama mtu amepotelewa na ng'ombe. Kanuni za gesi za 2019 zimerudisha ugumu kidogo, kuna maduka yatakataa mtungi wako kwa sababu rangi yake ni ya kampuni nyingine, sawa, unaenda lingine. Na mtungi ukirudi kwa kiwanda cha kweli angalau kuna mtu anafaa kuangalia kama valvu imekufa.

Lakini tubadilishe tukiona uzito! Hapo ndipo hasira yangu yote iko. Huwezi kujua gesi imepunguzwa kwa kuangalia moto, moto utawaka bluu vile vile, mtungi uwe umejaa au uko nusu, kwa sababu presha haishuki mpaka yale maji maji yakaribie kuisha. Kuutikisa hakukwambii kitu. Kuubeba kwa mkono pia, mitungi yenyewe haitoshani uzito ikiwa mitupu. Ni mizani tu. EPRA, wale wa serikali wanaosimamia mafuta na gesi, wenyewe hutuambia tudai gesi ipimwe kabla ya kuondoka, na sisi tunaona aibu, tunaogopa kuonekana wagomvi mbele ya foleni.

Mnakumbuka 2021 ushuru wa asilimia 16 uliporudishwa kwa gesi, vile tulilia? Tulilia mpaka ukapunguzwa 2022, na 2023 ukaondolewa. Mimi nimekatwa asilimia 25 na muuzaji wa mtaani, na hakuna hata mtu mmoja kwa ile foleni aliyesema neno. Nyuma yangu kulikuwa na shosho aliyeshika mtungi wa kilo 3. Huyo akiibiwa nusu kilo anarudi kwa kuni na moshi, na macho yake tayari ni mekundu.

Pesa zangu nilirudishiwa baada ya kukaa kwa mlango wa duka dakika arobaini. Siku hizi naenda mbali kidogo, Section 58, kwa mtu ambaye mizani yake iko nje kwa veranda na yeye mwenyewe ndiye anakuitia usome namba. Jumamosi iliyopita jirani yangu alikuja na wake, tukabeba boda moja. Wake ulisoma 13.6, chuma 7.6.