Tiketi ya fainali, pointi za mfadhili na mzunguko wa shilingi elfu tano

Ndugu zangu wa nyumbani Tanzania husifu sana utaratibu wa Marekani, na kwenye suala la tiketi za mechi kubwa hawajakosea: utaratibu upo. Ninachoomba tukitazame ni nani anayetangulizwa na utaratibu huo.

Naishi jimbo la Georgia, upande wa Clarkston, mji mdogo pembeni ya Atlanta ambako Kiswahili cha Kongo unakisikia dukani na kituo cha basi. Huku futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu ina wenyewe. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Georgia, kule Athens, unabeba zaidi ya watu 92,000, na wanaocheza ni wanafunzi. Lakini fainali ya taifa haichezwi kwenye uwanja wa chuo. Huchezwa kwenye uwanja uliopangwa miaka kabla, mwandaaji hukipa kila chuo mgawo wake wa tiketi, na zilizobaki huenda kwa wengine, wakiwemo wadhamini na wageni wao.

Tarehe 8 Januari 2018 fainali iliangukia Atlanta penyewe, kati ya timu za vyuo vikuu vya Georgia na Alabama. Georgia walikuwa hawajatwaa ubingwa tangu 1980. Fikiria kiu ya watu hao, halafu fikiria uwanja ulioingiza 77,430 jumla, timu zote mbili pamoja na wageni wa wadhamini. Ungetegemea chuo kianze na nani?

Kinaanza na pointi. Kila dola uliyoichangia idara ya michezo, mwaka baada ya mwaka, inaingia kwenye hesabu yako. Mgawo ukifika, wafadhili wanapangwa kwa pointi na mstari unakatwa: walio juu yake wananunua kwa bei ya kawaida, walio chini yake wanabaki na walanguzi wa mtandaoni, na kwa mchezo ule bei huko ilipita dola elfu moja. Wanafunzi nao hutengewa fungu lao. Vyuoni humu fungu hilo kwa kawaida ni dogo, na maombi yakizidi inapigwa bahati nasibu. Tena serikali ilikuwa inausaidia mpango huu: hadi mwisho wa 2017, anayechangia chuo ili apate haki ya kununua kiti aliruhusiwa kuondoa asilimia 80 ya mchango huo kwenye mapato yanayotozwa kodi. Sheria ikafuta nafuu hiyo kuanzia Januari 2018. Kwa hiyo pointi zilizofungua milango ya Atlanta zilikuwa zimejengwa, kwa sehemu kubwa, chini ya nafuu ya kodi.

Watetezi wana hoja, na siidharau. Wanasema fedha za futiboli na za wafadhili ndizo zinazolipia riadha, kuogelea na michezo isiyojaza viwanja. Sisi Watanzania tunajua vyuo vya Marekani vimelea nani: mwanariadha Suleiman Nyambui alikimbia akiwa na timu ya Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, na mwaka 1980 akaleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow. Ila hoja hiyo inaeleza kwa nini mfadhili ashukuriwe. Haielezi kwa nini atangulie mbele ya kijana anayekaa darasa moja na mchezaji. Wakati wa fainali ile ya 2018 wachezaji hawakuruhusiwa hata kulipwa kwa kutumia majina yao wenyewe. Ruhusa hiyo ilikuja Julai 2021. Vijana walikuwa wanacheza bila mshahara, wenzao wakiulizwa kama bahati imewaangukia, na mwenye kampuni ana kiti tangu asubuhi. Mimi naliita hilo dhuluma, hata kama kanuni zake zimechapishwa vizuri.

Na bado, kule kuchapishwa nakuonea wivu. Shabiki wa Georgia anajua pointi zake, anajua mstari ulikatwa wapi, akikosa anajua kwa nini amekosa. Nyumbani tuna kitu ambacho Marekani hawana: mzunguko, yaani viti vya bei ya chini kabisa uwanjani. Kwa Sh 5,000 unaingia Uwanja wa Benjamin Mkapa kuangalia Simba na Yanga, na machinga anakaa safu moja na mwalimu. Hilo ni jambo kubwa kuliko tunavyolichukulia. Lakini nani anajua, kabla ya dabi, viti vingapi vimetengwa kwa mwaliko na kwa nani? Na Machi 8, 2025 Simba waligoma kucheza baada ya kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani jioni ya kuamkia mchezo, Bodi ya Ligi ikaahirisha siku ileile, watu wakiwa tayari na tiketi mkononi na wengine wametoka mikoani kwa basi. Dabi ilikuja kuchezwa Juni 25. Nauli na siku za kazi za yule aliyetoka mkoani, hakuna aliyezizungumza kwa uzito unaostahili.

Kwa hiyo nikiulizwa kipi tukichukue kutoka huku, jibu langu haliko kwenye mageti ya kielektroniki. Tuchukue ile karatasi ya mgawo, itangazwe kabla tiketi ya kwanza haijauzwa: mzunguko viti vingapi, VIP vingapi, mwaliko vingapi na kwa ofisi zipi. Na vyuo vya huku, nusu ya mgawo wa fainali waanze kuwapa wanafunzi, kwa bei ambayo mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha kuku anaweza kuilipa. Wafadhili wapangwe kwa pointi zao kwenye nusu itakayobaki.