Mmeisahau Savannah Classic

Makala yenu nzuri kuhusu mashindano ya gofu ya Kenya Open, tangu 1967 hadi leo, ila mmeiruka jirani yake: Kenya Savannah Classic ya Machi 2021. Ilichezwa mara moja tu, palepale kwenye klabu ya gofu ya Karen, Nairobi. Justin Harding alitwaa Kenya Open Jumapili, na Jumanne wachezaji wakaanza tena kwenye uwanja uleule! Korona ilikuwa imevuruga ratiba ya European Tour, mfululizo wa mashindano ya gofu ya Ulaya, basi wakaona heri mashindano mawili kwa safari moja. Daniel van Tonder wa Afrika Kusini alimshinda Jazz Janewattananond wa Thailand kwenye mashimo ya ziada baada ya kutoka sare, Ijumaa tarehe 26, siku ileile Rais Kenyatta alipoifungia Nairobi, watu wasiingie wala kutoka, kwa sababu ya korona. Nani angekumbuka gofu jioni ile? Mimi naona ilistahili walau aya moja.