Presha ya Boila

Nyumbani kwangu mwenye haki ya kuugua ni mmoja tu, naye ni boila la kupasha nyumba. Mimi nikikohoa naambiwa ninywe maji ya moto. Boila likikohoa, fundi anaitwa usiku huo huo.

Juzi mke wangu kaniuliza, tena kwa sauti ya huruma kabisa, "Baba Asha, presha leo ikoje?" Nikaanza kukunja mkono wa shati nimweleze. Kumbe anauliza ya boila! Haya, nikaenda kuinama mbele ya kile kipimo. Maji yakiwa baridi, mshale ukae kati ya baa 1 na 1.5 (baa ya kupimia presha, si ya bia), ukifika 3 valvu ya usalama inafunguka na kumwaga maji nje. Ulikuwa chini kabisa. Nikaongeza maji, ukapanda, nikajiona daktari. Siku chache tu, umelala tena.

Fundi akaja. Fundi wa boila haanzi na kazi. Anashika kiuno, anaguna, kisha: "Hili nani alikufungia?" Kila anayekuja anamlaumu aliyemtangulia, wa kwanza kabisa nadhani alimlaumu mjenzi. Baada ya mashtaka ndipo akasema boila linaloomba maji kila mara, ama kuna mahali panavuja, ama lile tangi dogo linalopokea maji yanayotanuka kwa joto limeishiwa hewa. Sasa hilo si ungeanza nalo?

Na muuzaji naye! Alining'ang'aniza kilowati 35. Nyumba nyingi za kawaida, hata baridi ikikaza, rejeta zake, vile vyuma vya ukutani vinavyopitisha maji ya moto na kupasha vyumba, zinaridhika na 10 au pungufu. Nguvu zote hizo ni za maji ya kuoga, kwa sababu boila lisilo na tangi linayachemsha papo kwa papo. Kilowati 24 zinapasha kama lita 10 kwa dakika, ukiyapandisha nyuzi 35. Lita 10 zingenitosha sana, ila mimi nikiwa na povu machoni ndipo mtu anakumbuka kuosha sufuria.

Kukagua moto na moshi kila mwaka namwachia mwenye leseni, na king'ora cha kaboni monoksidi sikifanyii mzaha: gesi hiyo haina rangi wala harufu, na inaua. Mimi nimeachiwa rejeta. Ikiwa ya moto chini na baridi juu, ina hewa. Unaweka kitambaa, unazungusha kifunguo, inapiga mluzi, halafu maji meusi yanakurukia shati jeupe. Hewa ikitoka, presha inashuka. Turudi kwenye mshale!

Baridi ikigandisha ndiyo kabisa. Boila za kisasa zinanyonya joto hadi la kwenye moshi, mvuke unakuwa maji, yanatoka kwa kibomba cha plastiki. Kikipita nje, yanaganda, boila linazima. Basi mtu mzima nimesimama gizani na birika la maji ya vuguvugu, yanayochemka hayafai, naogesha bomba kama kichanga. Jirani akapita, akanisalimia, akaongeza mwendo.

Narudi ndani natetemeka, nakuta binti kapandisha kidhibiti joto hadi 30, eti nyumba ipate moto upesi. Nikamweleza kuwa namba hiyo haiongezi kasi, inasema tu joto likomee wapi. "Sawa baba," akasema, akaenda kufungua dirisha. Anasikia joto.